Yaya wangu anasema si mimi niliyembeba mdogo wetu siku ya volkano

#1 MwanaMurara (mleta uzi)

Wandugu, habari za huko mliko. Nina jambo la nyumbani lililoninyima usingizi wiki mbili sasa. Kwa kuwa nyumbani kila mtu ameshachagua upande, nalileta kwa watu wasiotujua.

Mimi ni wa Goma, mzaliwa wa Murara. Tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi, Nyiragongo ilipasuka ubavuni na moto ukashuka mpaka mjini. Nilikuwa na miaka 9. Yaya wangu wa kike alikuwa na 13, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka 2 na miezi kadhaa. Papa alikuwa Butembo kwa kazi, mama alikuwa amevuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, asubuhi kutafuta viazi. Nyumbani tulibaki sisi watatu.

Ninachokumbuka ni hiki. Mbingu ilikuwa nyekundu kama mbabula, jiko la makaa, iliyopulizwa. Harufu ya kiberiti ilikuwa inakamata koo. Nilimfunga mdogo wangu mgongoni kwa kitenge cha kijani chenye ndege, fundo likanibana kifuani mpaka nikashindwa kuvuta pumzi vizuri, tukaingia katika ule mto wa watu unaoelekea Petite Barrière, kivuko cha mpakani. Nilimbeba mpaka ng'ambo, kwa mama mdogo. Mama alitukuta huko usiku.

Tangu siku hiyo mimi ni "yule aliyembeba mwenzake". Mama ameisimulia kwenye ndoa, kwenye matanga, kwa wageni, kwa padri. Mwalimu wangu wa shule ya msingi aliwahi kunisimamisha mbele ya darasa. Mwaka 2021, mlima ulipolipuka tena, na tarehe 27 Mei tukaambiwa tuhame mji, jirani yangu mjane alikuwa na watoto watatu. Sikujiuliza mara mbili. Nilibeba wawili kwa zamu kwenye njia ya Sake, kilometa kama 25, kwa sababu mimi ndiye ninayebeba. Ndivyo ninavyojijua.

Sasa. Mdogo wangu amepata mtoto wa kwanza, wa kiume. Kwenye sherehe akasimama, akasema mtoto amepewa jina langu "kwa sababu bila mgongo wa yaya wangu huyu mimi nisingekuwa hapa". Watu wakapiga makofi. Yaya wangu wa kike akaweka sahani chini, akasema bila kupaza sauti: "Mtoto nilimbeba mimi. Wewe ulibeba kuku."

Watu walicheka wakidhani ni utani. Yeye hakucheka. Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa shati mbele ya wakwe.

Nimemuuliza baadaye peke yake. Anasema miaka 23 amenyamaza kwa sababu mama alikuwa anaipenda ile hadithi, lakini ilipofika mtoto kupewa jina ameshindwa. Mimi najua nilichokibeba. Fundo la kile kitenge nalisikia mpaka leo. Lakini yaya wangu si mwongo, hajawahi kuwa.

Kama si mimi niliyembeba, basi huyu mtu ambaye nimekuwa miaka yote hii ni nani?

#2 Bahari_Kigoma

Pole mkuu. Ila sijaelewa, kama nyumbani mlikuwa na yaya, si ndiye wa kumbeba mtoto? Ndiyo kazi anayolipwa.

#3 MwanaMurara

Yaya kwetu Congo ni ndugu mkubwa, awe wa kike au wa kiume. Hakulipwa chochote.

#4 Bahari_Kigoma

Aisee, samahani mkuu. Kuku alifika salama?

#5 ChukuduYaMbao

Mi nilikuwa Birere ile siku. Batu balikuwa banakimbia na matela ku kichwa, bengine televizyo. Papa yangu alitoa mulango ku nyumba, akabeba mulango. Mulango! Mama akamuuliza: sasa utafunga nini? Nyumba iliungua yote. Tulirudia, jiwe ingali na moto chini ya viatu, tukajenga ya mbao juu yake, mulango ikarudi ile ile. Iko pale mpaka leo. Mi nakumbuka aliibeba ku mugongo, kaka mukubwa anasema ku kichwa. Tunagombana kila Bonane, mwaka mupya ikifika.

#6 Muuguzi_Keshero

Ndugu MwanaMurara, kabla sijasema lolote naomba unijibu. Ukifumba macho ukaiona ile siku, unaona njia iliyo mbele yako, au unajiona wewe mwenyewe ukitembea?

#7 MwanaMurara

Swali gumu. Najiona. Naona mtoto wa kiume kwa nyuma, kaptula ya bluu, na kichwa cha mdogo wangu kikining'inia upande wa kushoto. Lakini fundo silioni. Fundo nalisikia hapa kifuani.

#8 Muuguzi_Keshero

Asante. Shika hilo jibu, litakusaidia mbele.

Watu wengi wanadhani kumbukumbu ni kama picha kwenye simu, ukiitaka unaifungua, iko vilevile. Haiko hivyo. Ulichoona, ulichosikia, harufu, woga, kila kimoja kinahifadhiwa sehemu yake ya ubongo, na kuna sehemu ndogo ndani ya kila upande wa kichwa, usawa wa masikio, inayoitwa hipokampasi, inayoviunganisha. Ukikumbuka, unakusanya vipande upya. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu iliyokwisha kukomaa, ikiamshwa, inalegea tena kwa muda kabla ya kukaza. Wakati imelegea inaweza kuharibiwa. Sasa fikiria hadithi iliyoamshwa kwenye ndoa, matanga na mbele ya padri kwa miaka 23.

Mtu hajioni kisogo, kwa hiyo ile picha ya mtoto wa kaptula ya bluu haikuingia kwa macho yako. Umeijenga. Hiyo haimaanishi kwamba tukio ni la uongo, wengi wetu tunajiona hivyo katika mambo ya zamani. Ninachosema ni kwamba fundi amepita hapo.

Na hamko peke yenu. Mwaka 2001 watafiti Sheen, Kemp na Rubin waliwakalisha mapacha jozi 20, wakawapa maneno ya kuwaamshia kumbukumbu. Katika jozi 14 lilizuka jambo ambalo kila pacha anasema "hilo lilinipata mimi". Baadaye wakaona kwamba hata ndugu wa kawaida waliokaribiana umri wana ugomvi huohuo. Watu walewale, nyumba moja, hadithi moja inasimuliwa mezani kila siku. Inafika mahali ubongo unajua kilichotokea lakini umepoteza nani.

Ushauri wangu, na naomba muufuate: wewe na yaya wako kila mtu aandike kwenye karatasi yake anachokumbuka, bila kuonyeshana. Kama kuna mtu mzima aliyewapokea siku ile, naye aulizwe peke yake, bila kuambiwa nani amesema nini. Kisha ndipo mkae pamoja.

#9 Simba_wa_Himbi

Watu wanalala njaa mji huu, nyinyi mnajadili kuku wa 2002.

#10 ChukuduYaMbao

Kama hutaki uzi, pita. Sisi tunapenda kuku yetu.

#11 Mwalimu_Katuba

Salamu kutoka Lubumbashi. Nimefundisha falsafa sekondari miaka mingi na huu ni uzi wa kwanza kunifanya nitafute miwani usiku.

Kwanza tarehe yenyewe. Ukisema 17 Januari hapa kwetu, mtu hafikirii Nyiragongo. Anafikiria Lumumba, aliyeuawa karibu na mji huu mwaka 1961 pamoja na Mpolo na Okito. Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha jino lake, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, likapitishwa hapa kabla ya kuzikwa Kinshasa. Nilisimama barabarani kama wengine. Jino moja, na wazee wanalia. Sikuwa nimezaliwa mwaka 1961, lakini nililia kama mtu anayekumbuka. Nani alinipa kumbukumbu ile? Babu yangu, kwa mdomo wake. Kwa hiyo usishangae, ndugu, kwamba mtu anaweza kubeba kumbukumbu ambayo hakuipata kwa mgongo wake mwenyewe.

Pili. Waluba wa huku Katanga walikuwa na ubao unaoitwa lukasa. Ni ubao mdogo wa kushika kwa mkono mmoja, umepachikwa shanga na simbi. Watu wa chama cha Mbudye, waliofundishwa kazi hiyo, waliupapasa kwa kidole cha mkono wa kulia huku wakisimulia: wafalme, safari, mahali patakatifu, nani amezaliwa na nani. Na msomaji mmoja hakusoma sawa na mwenzake, wala hakusoma leo kama alivyosoma jana, ilitegemea ni nani amekaa mbele yake anasikiliza. Shanga ni zilezile. Hakuna aliyemwita mwenzake mwongo. Naona mama yako alikuwa na lukasa yake, na shanga moja ilikuwa wewe.

Tatu, swali lako la mwisho. Yule Mwingereza John Locke, mwishoni mwa karne ya 17, alisema mtu ni yuleyule wa jana kwa kadiri anavyoweza kuyakumbuka matendo ya jana kama yake. Mskoti Thomas Reid akampinga mwaka 1785 kwa mfano wa jenerali mzee: akiwa ofisa kijana alikumbuka kuchapwa utotoni kwa kuiba matunda, akiwa jenerali anakumbuka ushujaa wa ujana lakini fimbo za utotoni ameshazisahau. Je, jenerali si yule mtoto? Wote wawili walikuwa wanabishania kusahau. Kesi yako ni kinyume: hukusahau chako, umekumbuka cha mwenzako. Na kwa kipimo cha Locke, kichukuliwe kikavukavu, wewe ndiwe dada yako! Wanafunzi wangu wangecheka sana.

Mimi nakuuliza hivi. Wale watoto wawili wa mjane kwenye njia ya Sake, ni nani aliyewabeba? Hapo hakuna ubishi. Hata kama mzigo wa 2002 haukuwa wako, wa 2021 ni wako, na uliubeba kwa sababu ya ule wa 2002.

#12 BintiKadutu

Mwalimu umesema vizuri, na umempita dada wa watu kama vile hayupo.

Niko Bukavu. Nilibeba wadogo wanne. Nilienda kisimani na mtoto mgongoni, nikarudi na bidoni kichwani na mtoto mgongoni, nikapika sombe na mtoto mgongoni. Umewahi kusikia kwenye matanga mtu akisimama kusema "huyu binti alimbeba mdogo wake"? Hakuna. Msichana akibeba mtoto hiyo ni siku ya Jumatatu. Mvulana akibeba mtoto hiyo ni hadithi.

Mimi nadhani ndivyo ilivyokuwa pale ng'ambo usiku ule. Watu walikuta watoto watatu. Kwamba msichana wa miaka 13 ana mtoto mgongoni hakuna aliyeona ajabu, macho yalipita. Kisha labda mvulana alimpokea yaya wake hatua 100 za mwisho, au alitaka tu kumbeba, mtu akasema "oh, hata huyu mdogo amebeba!" na hadithi ikapata miguu. Mama yenu hakudanganya. Alishika kilichong'aa.

Ndiyo maana swali la "mimi ni nani sasa" ni la mleta uzi, lakini kuna la pili ambalo halijaulizwa. Yule dada alikuwa nani miaka 23? Alikuwa amekaa kwenye kila sherehe akisikiliza tendo lake likiitwa kwa jina la mwingine, na anapanga sahani.

#13 Mwalimu_Katuba

Nimepigwa na nimekubali. Mama BintiKadutu, aksanti.

#14 BintiKadutu

Sijaolewa, Mwalimu, lakini endelea.

#15 Mjukuu_Ibanda

Mimi pia niko Bukavu. Sina elimu ya mambo haya, nataka tu kuongeza moja. Bibi yangu amesahau karibu kila kitu. Mimi ananiita kwa jina la shangazi yangu aliyefariki. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha: "Bibi, ni mimi, mjukuu wako." Alikuwa anaogopa, anaangalia mlango. Siku moja nikachoka, nikaitika jina la shangazi. Akashika mkono wangu, akaanza kunigombeza kwamba sijamaliza kutwanga mihogo. Tumekuwa hivyo mwaka sasa. Nikiingia chumbani naacha jina langu nje pamoja na viatu. Hanijui mimi, lakini mkono anaushika vilevile kama alivyokuwa ananishika nikiwa mdogo, kwa kidole gumba juu ya kifundo.

Sijui inaingia wapi katika uzi huu. Nimeona niseme.

#16 Muuguzi_Keshero

Inaingia, dada. Kumbukumbu za majina na matukio zina njia zake, na mazoea ya mkono na mwili yana njia nyingine. Ugonjwa unaweza kuvunja ya kwanza mapema na kuiacha ya pili kwa muda mrefu. Ulivyofanya kuitika ndivyo ninavyowaambia familia nyingi, kutomvuta mgonjwa kwa nguvu aje kwenye leo yetu.

#17 MwanaMurara

Nimerudi. Nimesoma yote, mengine mara mbili. BintiKadutu, bandiko lako sikulipenda, kisha nikalisoma tena usiku.

Nilimpigia mdogo wangu. Nilimwambia: huenda si mimi niliyekubeba, na kama unataka kubadilisha jina la mtoto mimi sitakasirika (uongo, ningekasirika). Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Yaya, mimi ule mgongo siukumbuki. Ninachojua ni mlichoniambia. Minerval naikumbuka."

Anasema miaka miwili ya mwisho ya sekondari, papa alipokuwa hana kazi, mimi nililipa minerval yake, yaani karo ya shule. Ni kweli, nilikuwa nauza vocha za simu pale Signers, lakini sijawahi kuiwaza kama tendo. Hakuna mtu aliyewahi kuisimulia popote. Mimi mwenyewe ilibidi nifikirie kabla ya kukubali kwamba ilitokea.

Kisha akauliza: "Na yeye anasema nini?" Nikamwambia, kuhusu kuku na yote. Akacheka sana. Halafu akasema polepole kwamba akiwa mdogo, akiumwa homa, alikuwa hakubali kulala isipokuwa mgongoni kwa yaya wa kike, na hakuna aliyejua kwa nini.

#18 Bahari_Kigoma

Mkuu hapo kwenye homa nimepata donge kooni, na mimi nilikuja kwa ajili ya kuku.

#19 Muuguzi_Keshero

Mambo ya homa ni mazito lakini tuende taratibu: mtoto wa miaka 2 karibu hawezi kubaki na kumbukumbu ya tukio ukubwani, za kwanza tunazozishika wengi wetu ni za miaka 3 na nusu hivi. Na kila mtoto anapenda mgongo wa dada yake, volkano au hakuna volkano. Karatasi mmeandika?

#20 MwanaMurara

Bado. Yaya anasema yeye si mwanafunzi.

#21 Mwalimu_Katuba

Mleta uzi, wakati tunasubiri: una picha yoyote ya kabla ya 2002?

#22 MwanaMurara

Hakuna hata moja. Nyumba yetu iko chini ya mawe. Na nyumba ninayokaa sasa imejengwa juu yake, chumba cha wavulana naamini kiko chini ya jikoni letu la leo. Picha za ndoa ya wazazi, za ubatizo, karatasi za shule, vyote. Ndiyo maana mdomo wa mama ulikuwa na kazi kubwa hivyo. Sisi wa Goma tumekimbia mara nyingi mno, kila kukimbia kunamwaga udongo juu ya kule kwa nyuma. Kuna siku nasimulia 2002 halafu nagundua mvua ninayoitaja ni ya mwaka mwingine kabisa.

#23 Muuguzi_Keshero

Hilo la mvua ndilo haswa. Na usidhani kwamba jambo likiwa kubwa na la kutisha basi limechongwa kwenye jiwe. Mwaka 1986, chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilipolipuka, mwanasaikolojia Ulric Neisser na mwenzake Nicole Harsch waliwaandikisha wanafunzi asubuhi iliyofuata: ulikuwa wapi, nani alikuambia. Baada ya miaka miwili na nusu wakawauliza tena 44 kati yao. Robo walikosea kila kitu kilichopimwa, na baadhi ya waliokosea walikuwa na uhakika kabisa. Kinachonisisimua ni kilichofuata: walionyeshwa karatasi zao wenyewe, mwandiko wao, na badala ya kusema "loo, nilisahau", walishikilia hadithi mpya. Karatasi ndiyo ikaonekana ina kosa.

Kwa hiyo andikeni SASA, kabla hamjazidi kuongea.

#24 MwanaMurara

Wandugu, kuna habari.

Nilimtumia ujumbe mama mdogo, yule aliyetupokea Gisenyi. Mzee sasa, lakini kichwa chake kizima. Sikumwambia nani anasema nini, Muuguzi usinigombeze, nilimwuliza tu: "Siku ya volkano tulifika kwako vipi?" Amenijibu kwa sauti, dakika nne, pamoja na salamu za watu wote na bei ya maharage. Naandika palipo muhimu:

"Dada yako alikuwa na mtoto mgongoni kwenye shuka. Wewe ulikuwa nyuma yake umefunga redio ya baba yako mgongoni kwa kitenge, kama mtoto! Ile kubwa ya betri sita. Nilikufungua mimi mwenyewe, fundo lilikuwa limekaza mpaka nikatumia meno. Kifua chako kilikuwa na alama. Usiku tuliweka redio katikati tukasikiliza wanavyosema Goma imekwisha."

Nimekaa na simu mkononi muda mrefu. Fundo lilikuwepo. Kitenge kilikuwepo. Uzito ulikuwepo, ile redio ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Mgongo wangu haukunidanganya wandugu, ila mahali fulani njiani mtu alibadilisha mzigo.

Na redio! Niliisahau kabisa. Nikaanza kukumbuka, papa aliporudi kutoka Butembo aliishika kabla ya kunishika mimi. Au nadhani nakumbuka. Baada ya uzi huu sijui tena.

#25 ChukuduYaMbao

Redio na mulango, tungefungua maison, duka yetu.

#26 BintiKadutu

Shuka la dada limeonekana. Hodi hodi. Umemwambia?

#27 MwanaMurara

Nilimpelekea simu asikilize mwenyewe, jana jioni. Alisikiliza mpaka mwisho, pamoja na bei ya maharage. Akasema, "Sasa." Neno moja tu. Kisha akaenda kugeuza fufu.

#28 Muuguzi_Keshero

UMEMSIKILIZISHA? Kabla hajaandika karatasi yake?

#29 MwanaMurara

Nisamehe, Muuguzi. Ni yaya wangu, ningefanyaje.

#30 Mwalimu_Katuba

Muuguzi, samehe. Mtu hawezi kufanya familia yake maabara.

#31 Bahari_Kigoma

Kwa hiyo kuku vipi? Kuna kuku, hakuna kuku?

#32 MwanaMurara

Hii ni ya mwisho kutoka kwangu, kisha niwaache mpumzike.

Jumapili baada ya misa ya kwanza nilisema mbele ya mama, mbele ya mdogo wangu na mke wake: aliyembeba ni yaya. Mama aliniangalia kama nimemwibia kitu. Alisema yeye hajawahi kusema vingine. Tukaacha hapo. Jina la mtoto limebaki, mdogo wangu amesema mtoto wa pili akiwa wa kike ameshajua ataitwaje, na yaya akajibu kwamba yeye hana haraka, watu wakuze kwanza huyu.

Mchana yaya akaniambia twende tutembee ile njia. Hatujawahi kuitembea pamoja tangu siku ile, ingawa kila mmoja anaipita kila wiki. Tulimchukua mtoto, ana miezi minne. Nilimbeba mimi kutoka Murara, kwa kitenge, watu njiani wakacheka kuona mwanaume mzima na ndevu zake. Tulishuka taratibu kuelekea Birere. Yaya alikuwa ananionyesha: hapa palikuwa na duka la mafuta, hapa mwanamke mmoja alikuwa anaita jina la mtu, hapa uliacha kiatu. Mambo mengi nilikuwa sina. Moja nilikuwa nalo na yeye hana, mbwa aliyefungwa mnyororo kwenye lango na hakuna wa kumfungua. Alisimama kunisikiliza, akasema, "Maskini," kama vile mbwa bado yuko pale.

Karibu na barrière mtoto akaanza kulia. Yaya akampokea, akamfunga mgongoni kwa mwendo mmoja bila hata kuangalia, na mtoto akanyamaza. Kisha akaelekeza kidole kwenye kona, chini ya ukuta.

"Hapa ndipo ulipokaa chini ukaanza kulia, ukasema redio ni nzito."

Nikamwangalia. "Yaya, si ulisema nilibeba kuku?"

"Kuku gani?"

Nilidhani ananitania. Nikatoa simu, nikamfungulia bandiko la kwanza la uzi huu, pale nilipoandika maneno yake ya kwenye sherehe. Alisoma polepole, kwa midomo, huku anamtikisa mtoto. Akanirudishia simu.

"Hayo umeandika wewe," akasema. "Mimi sijawahi kusema kuku."